Kijapani cha Wesley

Aliyenipigia simu kutoka kwetu Silibwet alikuwa ndugu yake Wesley, yule tuliyezoea kumwita Pasta hata kabla hajawa pasta. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia na kupanga mambo ya mazishi. Alisema kuna Mjapani mmoja, mzee aliyefanya kazi na marehemu Wesley kwa miaka mingi, ameshafika Nairobi na anataka kusema maneno machache siku ya kuzika, lakini Kiingereza chake ni cha kubahatisha. "Dada, wewe ndiye tunajua unaelewa hiyo lugha. Si utusaidie kutafsiri?" Nilikuwa jikoni kwangu nimeshika kisu na nusu ya kitunguu. Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu nilimaliza kitunguu changu, nikakaa kwenye kiti, na hasira ikanipanda, hasira ya zamani ambayo nilidhani nimeshaizika mwenyewe bila pasta wala kamati. Maana Kijapani cha Wesley, kile kilichompeleka ng'ambo, kikamjengea nyumba ya ghorofa juu ya soko na kumpa jina Bomet nzima, kilitoka kinywani mwangu. Nasema hivyo bila kuzunguka, kwa sababu nimezunguka vya kutosha.

Mimi ninakula kwa Kijapani. Nimetembeza watalii wa Kijapani kule Mara mpaka nikajua ni simba yupi atawafurahisha na ni daraja lipi litawatia hofu, na siku hizi nafundisha lugha hiyo chuoni na kutafsiri mikutano ya watu wa barabara na mabwawa. Wanafunzi wangu huniuliza nilianzaje, nami huwapa jibu fupi la kuchekesha kuhusu pikapu. Jibu hilo ni la kweli. Pale Silibwet kulikuwa na mfanyabiashara wa kabeji aliyekuwa na pikapu kuukuu iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imeshatumika, na milangoni ilikuwa bado na maandishi ya huko. Tangu nikiwa msichana wa shule ya msingi nilikuwa nasimama pale nikiyatazama, naifuatisha mistari yake kwa kidole kwenye vumbi, mpaka mwenye gari ananiuliza kama nataka kununua kabeji ama nataka kununua gari. Sikujua ninachotaka. Nilijua tu kwamba mtu fulani aliandika pale jambo, na jambo hilo linapita mbele yangu kila siku ya soko bila kuniambia kitu.

Kisha akaja Haruko. Alikuja kufundisha hesabu kwa kujitolea katika shule ya upili iliyo karibu na kwetu, mwanamke mdogo wa umbo, mpole, asiyeinua sauti hata darasa likimshinda, na wamama wakampa jina Cheptalam kwa ajili ya utulivu huo. Wanafunzi wengine walimuuliza kama kwao watu wote wanajua karate. Mimi nilimshika mkono Jumamosi moja nikampeleka sokoni mpaka kwenye pikapu. Akasoma, akacheka akiziba mdomo kwa mkono. "Ni duka la samaki," akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Imeandikwa samaki wabichi kila asubuhi." Miaka yote hiyo nilidhani ni jambo kubwa, labda hata Neno la Mungu, kumbe ni samaki wamebeba kabeji. Ajabu ni kwamba sikuvunjika moyo hata kidogo. Nilimzungusha upande wa pili ili anisomee na mlango ule mwingine.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule uliofuata baada ya kumaliza fomu foo, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa nyumbani nachuna majani chai asubuhi na kukimbilia nyumba ya Haruko mchana. Naikumbuka nyumba hiyo kuliko nyumba nyingi nilizolala. Ilikuwa nyumba ya mwalimu ya vyumba viwili, mabati bila dari, na mvua ya mawe ilipoanguka tulikuwa tunasubiri imalize ndipo tuendelee na somo. Viatu vilibaki mlangoni, na wageni wa kwetu, ambao huvua kofia na kubaki na gambuti, walikuwa wanasimama pale kizingitini wasijue wafanyeje. Alipika wali usio na chumvi, akaweka kabeji na mchuzi mweusi wa chupa uliokuwa na chumvi ya nyumba nzima. Kwenye rafu kulikuwa na kopo la chai ya kijani aliyotumiwa na mama yake, na alinimiminia kidogo kwenye kikombe kisicho na mkono, bila maziwa, bila sukari. Siku ya kwanza nilidhani ni maji yaliyochemshiwa mboga. Baadaye nikaanza kuipenda, nami nikiwa mtoto wa chai ya maziwa, nikaona aibu kuwaambia watu nyumbani.

Wesley alikuwa akija pia, mwanzoni. Tulikuwa tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Lakini kanisa lilimchukua, kwa kuwa Wesley alikuwa mkalimani wa mahubiri, na kwetu hiyo si kazi ndogo. Mhubiri akitoka Nairobi au Marekani, Wesley anasimama begani kwake, na kila sentensi inarudi kwa Kipsigis, lugha yetu, ikiwa na moto zaidi. Mhubiri akiruka, Wesley anaruka. Kwenye mkutano mmoja wa injili kule Kiptere mhubiri alilia, naye akalia mahali pale pale, na watu wakasema waziwazi kwamba wamekuja kumsikiliza Wesley, yule mzungu ni wa kumpa kazi tu. Masikio yake yalikuwa kitu cha ajabu. Haruko angeweza kusema sentensi ndefu ya Kijapani, naye akairudisha jinsi ilivyo, kama kanda, bila kujua amesema nini. Mimi nilijua imesema nini lakini ulimi wangu ulikwama njiani. "Tukiunganishwa sisi wawili," alikuwa akiniambia tukipanda kilima kurudi nyumbani, "tutatoa mkalimani mmoja mzima." Nilimpenda, niseme tu. Niliposikia "sisi wawili" sikusikia maneno yaliyofuata.

Mwaka huo ikajulikana kwamba wanunuzi wa chai kutoka Japani watatembelea kiwanda chetu na kuzungumza na kamati ya wakulima. Wakubwa wa kiwanda walimwomba Haruko atafsiri, akakataa kwa adabu. Ofisi iliyomtuma haikumruhusu kushughulika na biashara. Akasema, "Cherotich anaweza." Alilisema jina langu mbele ya watu, nami nikaja kulisikia jikoni kwake. Na alijua kitu kingine ambacho aliniambia akiwa ananimiminia chai: wageni hao walikuwa wanatafuta kijana mmoja wa huku, wamlipie masomo ya ukalimani kwao, kisha arudi awe kiungo kati yao na wakulima. Mtu mmoja tu. "Wakikusikia, watakutaka wewe," akasema. Tangu siku hiyo sikulala vizuri kwa furaha. Nilijifunza maneno ya majani chai yote, kunyausha, kusaga, kuchachusha, kukausha, mpaka nikawa naota nimesimama katikati ya mashine nikizitaja.

Asubuhi ya ugeni ukumbi wa kiwanda ulikuwa umedekiwa, na harufu ya majani yanayonyaushwa ilikuwa inashuka kutoka juu. Nilikuwa nimevaa sketi mpya niliyoshonewa pale Silibwet. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa heshima aliyekuwa pia mzee wa kanisa, alinitazama, akamtazama meneja, kisha akauliza kwa utaratibu kabisa, bila ubaya wowote usoni, "Huyu msichana ndiye atasimama hapa mbele?" Meneja akasema ndiyo, anajua lugha. "Kujua si shida," mwenyekiti akasema. "Lakini wageni wametoka mbali. Tukiwawekea mtoto asemee wazee, na kasauti kama haka, watasema hapa hakuna watu. Wesley si yuko? Wesley ametafsiri mpaka Wamarekani." Wazee wakaitikia. Sitawasingizia kwamba walinichukia. Kwao mkalimani ni yule anayesimama begani kwa mgeni akiwa na sauti ya kufika mlangoni, na lugha ni kitu ambacho Roho atashughulikia. Kanisani walikuwa wameona hivyo kwa macho yao kila Jumapili.

Wesley alisema mara moja, "Lakini Mwenyekiti, mwenye kujua ni Cherotich." Nampa hiyo haki yake. Alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, mtu ambaye sauti yake ilisikika Kiptere nzima. Kisha akanivuta kando karibu na magunia. "Si unajua hawa wazee. Ni leo tu. Wewe kaa nyuma yangu, nong'ona, mimi nitapaza sauti. Wakimaliza kula nitasimama niseme ni wewe." Akanishika bega. "Sisi wawili, ama?" Nikasema sawa. Wakaniweka kwenye benchi la nyuma na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mapajani, ili niwe na sababu ya kukaa pale.

Na tukafanya kazi, Mungu wangu, tulifanya kazi nzuri. Kiongozi wa wageni alikuwa mzee wa nywele nyeupe aliyezungumza taratibu, nami nikamwelewa. Nilishangaa mwenyewe jinsi nilivyomwelewa. Nilimnong'onezea Wesley, na Wesley akarusha maneno juu ya vichwa vya watu, mikono ikipaa kama kawaida yake. Wazee wakijibu, nilimkatia Kijapani vipande vipande, naye akakibeba kila kipande bila kuangusha hata tone. Wageni walitikisa vichwa kwa mshangao. Wakulima wakapiga makofi. Haruko alikuwa ameketi safu ya wageni, na macho yetu yalikutana, akayashusha kwenye kikombe chake.

Kisha yule mzee akainama kidogo pembeni ili anione, akatabasamu, akauliza, "Na huyu binti aliyeketi nyuma ni nani?" Nilimnong'onezea Wesley swali hilo jinsi lilivyo. Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Hakuhitaji Kijapani, angenionyesha kwa kidole tu ingetosha. Badala yake alimgeukia mwenyekiti akamtafsiria, na mwenyekiti akasema, "Huyo ni wa kumimina maziwa." Wesley akaegemea nyuma, akaleta sikio lake karibu na mdomo wangu, akangoja. Alikuwa anangoja nimpe hayo maneno kwa Kijapani. Watu wote walikuwa wanangoja. Nikampa. Akayasema vizuri sana, na yule mzee akaniinamia kichwa kwa heshima, kama mtu anavyomshukuru mhudumu, nami nikainuka nikammiminia maziwa.

Chakula niliachiwa jikoni pamoja na wapishi. Mama Moraa, aliyetoka Kisii zamani na kupikia kantini ya kiwanda tangu sijazaliwa, alinisukumia sahani ya nyama na kimyet, ugali wetu, akanitazama nisivyoigusa. "Mimi nimesimama hapo kwa mlango nikaona," akasema. "Hiyo maneno yote ilikuwa inatoka kwako. Sasa mbona wewe unakula huku na yeye anakula kule?" Nikamwambia asubiri, Wesley atasimama sasa hivi aseme. Kulikuwa na kidirisha cha kupitishia vyakula, na kupitia hapo nilisikia kila kitu. Nilisikia vijiko vinanyamaza. Nilisikia yule mzee anazungumza, na kwa kuwa sikuwa nyuma ya Wesley, Haruko mwenyewe ndiye aliyetafsiri safari hii, kwa sauti yake tulivu: "Mgeni anasema amefurahi sana. Wangependa kumchukua kijana huyu, Wesley, aende Japani kusoma." Mwenyekiti akaanzisha makofi. Nikaweka kijiko chini ili nisikie vizuri. Makofi yalipokwisha Wesley akasema, "Asante sana. Mungu awabariki." Nikaendelea kungoja. Nikasikia viti vinavutwa, na mtu akaanza sala ya kufunga.

Nilimwendea Haruko Jumamosi iliyofuata kama kawaida, nikavua viatu kama kawaida. Alikuwa ameshaweka maji jikoni. Nilimuuliza kwa Kijapani, maana sikutaka apate nafasi ya kujificha kwenye Kiswahili, kwa nini hakusema. Aliyaepua maji. "Ningesema nini?" akajibu. "Kwamba wazee wenu wamewadanganya wageni? Wageni wangeaibika, wazee wangeaibika, chai ingekosa mnunuzi. Watu wengi, Cherotich."

"Na mimi?"

"Wewe una uwezo. Mwenye uwezo hupata nafasi nyingine. Mwaka ujao nitawaandikia, utakwenda wewe." Akanimiminia ile chai ya kijani. Nikainywa, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kwamba si adabu kukataa, na aliyenifundisha ni yeye. Nimefikiria mazungumzo hayo mara nyingi kuliko hata yale ya Wesley. Wesley alikuwa kijana aliyefunguliwa mlango akapita. Haruko alikuwa mtu mzima, alijua lugha zote mbili, na ndiye pekee katika ukumbi ule aliyejua hasa kilichokuwa kinaibwa. Tulimpa jina kwa utulivu wake, na ni utulivu huo huo ulionimaliza.

Lililobaki ni dogo na ndilo linaloniuma zaidi. Pasta wetu mkuu na mwenyekiti walikuja nyumbani kuomba nimtayarishe Wesley kabla hajasafiri, asije akaaibisha kijiji. Nikakubali. Nilikuwa bado naamini ahadi ya mwaka ujao, na nilikuwa bado nampenda, na mambo haya mawili yanaweza kumfanya msichana afundishe mtu njia ya kumwacha. Tulikaa meza ya Haruko, mimi nikimwongoza mkono kuandika herufi, naye ananichekesha akiiga wahubiri. "Nikifika tu nitawaambia juu yako," alisema. "Nitawaambia kuna mwalimu wangu huko." Siku ya kuondoka kanisa zima lilimwombea, na mimi niliitikia amina kwa nguvu kuliko mama yake. Mwisho wa mwaka Haruko naye akarudi kwao, akaniachia kamusi yake na redio ya kanda. Wale wanunuzi hawakuonekana tena. Hakuna mwaka ujao uliokuja.

Niliingia kwenye kazi hii kwa mlango wa jikoni. Nilipata kibarua cha kufua mashuka katika kambi ya watalii kule Mara, na siku moja bibi mmoja wa Kijapani alikuwa anajaribu kumweleza mhudumu kwamba dawa zake zimepotea, nami nikamjibu nikiwa nimeshika ndoo. Wiki hiyo wakanitoa kwenye mashuka. Nimeipenda kazi yangu, sitaki mtu anionee huruma. Lakini miaka kadhaa baadaye nilikutana na Wesley mjini Kericho, amevaa suti, yuko na rafiki zake wa kiofisi, akanisalimu kwa Kijapani kizuri kabisa ili wasikie. Nikamjibu. Akacheka akawageukia. "Mnaona? Huyu pia alijaribu jaribu kidogo zamani. Dada, bado unakumbuka kidogo kidogo?" Nilisema bado nakumbuka. Nilingoja aone uso wangu aone aibu, lakini hakuwa na aibu yoyote, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ameshaiamini hadithi yake mwenyewe. Ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuzungumza naye.

Basi mwaka jana nikaenda kumzika. Hema lilikuwa limejengwa kwenye uwanja wa nyumba yake ya ghorofa, mashamba ya chai yakishuka pande zote, na yule Mjapani niliyeitiwa, mzee Morita, alinishikilia mkono kwa sababu ardhi ilikuwa na utelezi. Alipoitwa mbele nikasimama begani kwake, mahali pale pale ambapo Wesley alikuwa akisimama maisha yake yote, na maikrofoni ikawekwa kati yetu. Alizungumza vizuri. Alisema marehemu alikuwa mchangamfu na mchapa kazi, nikatafsiri. Alisema aliwachekesha ofisini, nikatafsiri, watu wakacheka na kulia. Kisha akasema, "Wesley alitusimulia mara nyingi kwamba alijifunza lugha yetu peke yake, hapa hapa katikati ya chai, kwa kusikiliza kanda. Hakuwa na mwalimu. Hakuwa na mtu wa kumsaidia."

Nikanyamaza. Mzee Morita alinitazama, akadhani sikusikia, akarudia polepole zaidi. Pasta, ndugu yake Wesley, alikuwa ananiangalia kutoka kiti cha mbele. Ningeweza kusema chochote. Hakuna mtu pale, chini ya hema lile, aliyekuwa na njia ya kujua kama nimeongeza neno au nimepunguza, na mwili wangu wote ulitaka kuongeza neno moja, jina langu tu. Lakini mimi nimewakemea wanafunzi kwa kosa hilo miaka yote. Mkalimani husema kilichosemwa. Nikaisogelea maikrofoni, na kwa Kipsigis, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, nikawaambia watu wa Bomet kwamba Wesley hakuwa na mwalimu, na hakuwa na mtu wa kumsaidia. Wakaitikia amina.

Baada ya kaburi kufunikwa tulipewa wali na chai. Mama mmoja wa kanisa, simfahamu, alikuja na birika akaniangalia kwa furaha ya kweli. "Kumbe na wewe unajua hii lugha hivi! Umetafsiri poa sana. Ni Wesley alikufundisha?"

"Hapana," nikasema. "Ni mimi nilimfundisha Wesley."

Akacheka mpaka birika likatikisika. "Hata kwa matanga unatufanyia mzaha!" akasema, akanijazia kikombe, akaenda kwa mtu mwingine.